Tope la Masese

Tulipotoka makaburini, wanawake waliingia chumbani kwa Shangazi Mariam wafungue madirisha, wakayakuta yote yako wazi. Wakacheka huku wanafuta machozi, nami nikacheka nao, maana huyo ndiye alikuwa Shangazi, hata kufa alikufa na madirisha wazi. Mtaa mzima wa Namakwekwe, pale Mbale, ulimjua hivyo. Mlango wake haukufungwa mchana, magodoro yake yalitolewa nje kupigwa jua kila wiki na ni mvua tu iliyoyaponya, na ukimletea zawadi iliyofungwa kwa karatasi aliichana hapo hapo mlangoni kabla hujavua viatu. "Mimi na kitu kilichofungwa hatulali nyumba moja," alikuwa akisema, wala hakuwa anatania. Wateja wa hoteli yake ya chakula walikuwa wakimtega: wanamletea bakuli lenye mfuniko, wanasema ni la mtu, wanahesabu pumzi mpaka atakapochungulia. Hakuwahi kuwaangusha.

Matanga yalipokaribia kwisha, Sauda, mjukuu wake, akanikabidhi kabati. "Mama Zai, wewe ndiye unayevijua vitu vya bibi," akasema, "halafu wewe hutagombana na mtu." Mimi nisigombane na mtu! Mtoto huyo hanijui. Lakini nilikubali, nikaketi kitandani kwa marehemu na kikombe cha chai ya tangawizi, nikalitazama kabati bila kuligusa. Kwenye upenyo wa mlango wake ilitoka harufu ya ubani na karafuu na nguo zake, na mimi ni mtu niliyefanya kazi na harufu maisha yangu yote, harufu hainipiti hivi hivi. Nikajikuta siwazi msiba. Nawaza mwaka mmoja wa miaka ya tisini nilipokuwa Jinja, msichana mwembamba mwenye kelele nyingi, na Shangazi akafunga safari kuja kunichukua anirudishe Mbale nikapike.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Walukuba pamoja na Babirye, msichana wa Kisoga aliyeuza vitambaa katika duka la Main Street. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, pazia katikati, kitanda chake huku, changu kule, na nyuma ya mlango palikuwa na pembe ya giza na ubaridi tulipoweka mtungi wa maji ya kunywa. Ukuta ulikuwa mwembamba kupita kiasi. Upande wa pili aliishi askari magereza na mkewe, ambao waligombana kwa Kiteso na kupatana kwa Kiswahili, kwa hiyo ndoa yao niliijua nusu tu, ile nusu tamu. Jioni tulikula posho, yaani ugali, na mukene, wale dagaa wa ziwa, Babirye akiwapika kwa karanga huku akinieleza nani amenunua kitambaa gani na anadhani atashona nini na mwili ule. Sokoni alinifundisha kuanza na "kodheyo", salamu ya Kisoga, kabla ya neno lolote, kwa sababu nilipoanza na Kiswahili wauza ndizi walinyamaza kana kwamba nimetumwa na kambi ya jeshi. "Kiswahili chako kizuli sana, Zai," Babirye aliniambia, "lakini kinaomba watu vitambulisho." Nilicheka wiki nzima, nikajifunza kodheyo.

Kazi yangu ilikuwa tope. Watu wakisikia nilifanya kazi ya ziwa wanadhani nilipima sangara, nami huwaacha wadhani, kwa kuwa kueleza tope kunachosha. Daktari Wafula, aliyeongoza mradi wetu mdogo wa utafiti, ndiye aliyenichukua niwe msaidizi wa muda, baada ya kuona nimemaliza sekondari na alama nzuri za kemia na chuo kikuu kimenipita pembeni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta moja la kijani ambalo sidhani lilijua maji ya sabuni. Siku ya kwanza aliniwekea mezani bomba la plastiki linaloonyesha ndani, limejaa tope kutoka chini ya ziwa, akaniambia nitazame tu mpaka niseme ninachokiona. Niliona uchafu, nikasema hivyo. Akafurahi sana. "Uchafu wa rangi ngapi?" akauliza. Ndipo nikaona kwamba juu kabisa palikuwa na utando wa kahawia, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemka, chini yake kijivu, halafu nyeusi tii mpaka mwisho, na ndani ya ule weusi vishimo vya mapovu.

"Hiyo ni nyumba yenye watu," Daktari alisema, akimaanisha vijidudu visivyoonekana kwa macho. "Chakula chao kinaanguka kutoka juu, majani yaliyokufa, mwani, samaki, vyote vinatua pale. Wale wa juu wanakula na kupumua oksijeni kama wewe na mimi. Oksijeni ikiisha, wa chini yao hawafi. Wanapumua kutu." Nikadhani ananichezea. Hakuwa ananichezea. Chini ya maji, kutu ya chuma iliyomo kwenye tope inaliwa taratibu, kahawia inageuka kijivu, na kutu ikiisha wanahamia kwenye salfa, ndipo inapotoka ile harufu ya mayai viza na tope linageuka jeusi. Chini kabisa, ambako hakuna kilichobaki cha kupumua, wanatengeneza gesi ya kuwaka, ndiyo yale mapovu. Mambo hayo yote yanatendeka katika tope lililotua juzi na jana, lisilozidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na hakuna anayepiga hodi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Babirye. Akasema kama ni hivyo basi yeye hali tena mukene, na kesho yake akala.

Mwaka ule gugu maji lilikuwa limefunika karibu ghuba yote, zulia la kijani lenye maua mazuri ya zambarau, na kila mtu alikuwa na neno juu yake. Wakubwa walibishana: lipigwe dawa lizame, au livutwe na kutupwa nchi kavu? Daktari alikuwa na jibu lakini alitaka tope ndilo lilitoe. Kutu ile, alisema, imeshikilia mbolea, fosforasi. Vijidudu vikiimaliza kutu, mbolea inaachiliwa, inapanda majini, inalinenepesha gugu. Gugu likifa linazama, linakuwa chakula cha tope, na tope linakosa pumzi zaidi na kuachia mbolea zaidi. Ukilizamisha lote kwa mpigo umelipa tope karamu. Ili kuonyesha hayo tulichukua tope chini ya gugu na tope la mahali pasipo gugu, tukalinganisha, na hapo palikuwa na sheria moja iliyokuwa kama dini: hewa isiguse. Bomba likipanda, kabla halijatoka majini, unapitisha mkono chini yake unaliziba kwa kizibo cha mpira. Juu unajaza maji ya ziwa mpaka yafurike, lisibaki hata povu, unaziba, unayeyusha mshumaa na kupaka nta pande zote. Halafu hulilazi. Unalipakata, wima, kutoka botini mpaka maabara, kama mama aliyetoka kujifungua.

Boti yetu, iliyoegeshwa ufukwe wa Masese, aliiendesha Opio, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, tuliyemwita Afande kwa kuwa hakuitika jina lingine. Ripoti zetu ziliandikwa Kiingereza, lakini botini tulisema Kiswahili, kila mtu cha kwake. Daktari alikuwa amefanya kazi Kisumu miaka mingi, chake kilikuwa cha upande wa Kenya. Mimi nilikuja na cha nyumbani, cha Wanubi wa Mbale. Afande alikuwa na cha kambini, ambacho hakijui kuomba. "Wewe Zaitun, shika kamba! Hapana sikiliza maji, sikiliza mimi!" Alinipenda sana, yule mzee. Alinitunzia sehemu kavu ya kukaa na akikaanga samaki ufukweni alinipa kichwa, huku akinikemea kwamba nakula polepole kama raia.

Sasa, mkataba na Shangazi. Nilipopata kazi ile aliniruhusu kwa masharti yake, tena mbele ya mashahidi, wateja wakiwa mezani. Mwaka mmoja. Mwaka ukiisha nikiwa bado ni msaidizi wa muda, ninarudi Namakwekwe kushika hoteli, kwa sababu magoti yake yalikuwa yanamsumbua na hakumwamini mtu mwingine na masufuria yake. Niliapa. Nilikuwa tayari kuapa lolote. Lakini miezi ilivyokwenda nilianza kuogopa, maana nilikuwa naamka alfajiri nikiliwaza tope, nikitembea kuelekea kazini nikijiimbia, na nilijua kwamba wafadhili wa mradi wanakuja kukagua karibu na mwisho wa mwaka. Wakiridhika na mabomba yetu, mradi unaendelea nami naajiriwa rasmi. Wasiporidhika, ni chapati na maharage mpaka nizeeke. Hoteli ya Shangazi ilikuwa nzuri, sisemi vinginevyo. Ila haikuwa yangu.

Wiki ile ya wageni, paa la maabara likavuja. Mafundi wakaingia na ngazi na vumbi, na Daktari akakuna kichwa akitafuta mahali pa giza na baridi pa kuyaweka mabomba kwa siku chache. Nikamwambia chumba changu kina pembe kama hiyo. Tukayahamisha kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja kapakata lake, tukayasimamisha nyuma ya mlango ndani ya beseni la maji, tukayafunika kwa gunia bichi. Babirye alipotoka kazini akayaamkia. "Kodheyo, wageni," akawaambia, na mtungi wetu wa maji akauhamishia upande wake wa pazia. Nililala vizuri kabisa usiku huo.

Kesho yake mchana, nilipokata kona ya mtaa wetu nikitoka kazini, kitu cha kwanza nilichoona ni godoro langu juu ya ukuta. Halafu la Babirye. Halafu pazia letu kwenye kamba, limefuliwa. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kufanya hivyo. Nikakimbia. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amepewa ufunguo na mke wa askari magereza, anachambua malewa, vichipukizi vya mianzi alivyoleta kutoka Mbale, uso wake umeridhika kabisa. Na nyuma yake, ukutani, kwenye jua kali, mabomba yangu yote yamesimamishwa kwa mstari kama wanafunzi, wazi juu. Vizibo vya juu vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni, vinakauka kwenye ungo.

"Karibu kwako," akasema. "Sasa panakaa mtu."

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Usafi. Unalala na mizoga, Zai? Nilifungua moja nikajua kuna panya kafia ndani. La pili, yale yale. Nikayamwaga yale maji machafu ya juu, nikasema haya yapigwe jua kwanza, yapumue."

"Hayatakiwi kupumua!" Nilipiga ukelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Kazi yetu yote ni yasipumue!"

Nikapiga magoti. Utando wa juu ulikuwa umekauka na kupasuka, na kwenye ule weusi rangi ya kahawia ilikuwa inashuka, inaota, chuma kinashika kutu upya mbele ya macho yangu. Tope ambalo lilikuwa limekaa gizani likipumua mambo yake taratibu, Shangazi alikuwa amelipa hewa yote ya Walukuba. Nikamgeukia. "Umefanya makusudi," nikamwambia. "Umekuja kunirudisha, ukaona uniharibie kabisa." Mikono yake ikasimama juu ya malewa. "Wallahi, Zai," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "mimi nimeona uchafu tu." Nikajua anasema kweli, na hapo ndipo nikalia. Nililia pale chini katikati ya mabomba, kwa sauti, kamasi na yote, mpaka mke wa askari magereza akatoka akidhani nimepata habari ya kifo. Shangazi hakunigusa. Alichukua vizibo kwenye ungo akaanza kuvirudisha, kimoja kimoja, bila kujua kipi ni cha bomba lipi.

Daktari alikuja jioni ile, kabla jua halijazama. Alimsalimu Shangazi kwanza, salamu ndefu za adabu, habari za Mbale, mvua ya mlimani, barabara, magoti, kama vile hakuna lolote lililotokea. Kisha akachuchumaa mbele ya mabomba akatazama kwa muda mrefu. Nilingoja aniambie nifungashe virago. "Limeshika kutu vizuri sana," akasema. "Ningewapa wanafunzi wangu mfano huu kama ningekuwa nao." Akasimama akijipangusa. "Zaitun, wageni ni keshokutwa. Asubuhi tunarudi ziwani." Afande, aliyekuwa amekuja naye, akatikisa kichwa. "Bwana Daktari, upepo imeleta majani yote Masese. Boti hapana toka. Mimi nilipigana vita, lakini hii majani imenishinda." Daktari akasema tutajaribu. Shangazi, ambaye hakuna aliyekuwa anamwuliza, akasema naye anakuja. Sisi sote tukamtazama. Alikuwa mtu wa mlimani, hata mto wa Manafwa aliuvuka amefumba macho. "Nimeharibu mimi," akasema, "nitabeba mimi."

Sitaisahau asubuhi ile Masese. Gugu lilikuwa limejaa mpaka ufukweni, wavuvi wamekaa juu ya mitumbwi yao wakicheza karata, na Afande amesimama na mti mrefu mkononi akilitukana kwa lugha tatu. Tulisukuma. Daktari alivua sweta, tukio kubwa kwa sisi tuliomjua, akaingia majini mpaka kiunoni kulivuta gugu kwa mikono, nami upande wa pili. Shangazi alikaa katikati ya boti, ushungi umekazwa, macho yamefumbwa, akisoma dua kwa haraka. "Wewe mama, hapana tingisha!" Afande alimkemea. "Sitingishi, Afande, ni boti yako," akajibu bila kufumbua macho, na wavuvi wote wakaangua kicheko. Sijui kama ni kicheko kile kilichowainua, lakini walituonea huruma, wakaweka karata chini, wakaja na miti yao kutufungulia njia. Tukatoka.

Bomba la kwanza lilipopanda nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni, mkono wangu ndani ya maji hadi begani, nikapitisha kizibo chini yake. Nikasikia limeziba. Tukalitoa, maji yakafurika juu, na ndani yake lilikuwa kamili: utando wa kahawia, kijivu, nyeusi, povu moja likipanda polepole kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Shangazi alikuwa amefumbua macho. Nikamweleza pale pale, haraka haraka, nikionyesha kwa kidole kilichojaa tope, hapa wanapumua hewa, hapa kutu, hapa salfa, na nilikuwa nasema kama mtu anayesimulia harusi, najua, kwa sababu Afande aliniambia nipunguze sauti. Shangazi hakutazama bomba. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha akanyoosha mikono. "Lete," akasema. Nikampa, akalipakata kifuani, wima, na kila tulilochukua akadai na lile, mpaka ushungi wake ukawa mweusi na harufu ya mayai viza imemjaa, yeye, mwanamke aliyeosha hata kuni.

Jioni ile, wageni wakiwa bado Kampala, sisi tulikuwa Walukuba tunakula. Shangazi alipika malewa kwa karanga, na posho, na gurusa zake, mikate laini ya Kinubi, akatandika mkeka nje, Daktari na Afande wakaketi na viatu vyao pembeni. Kupitia dirishani tulimsikia askari magereza akipatana na mkewe kwa Kiswahili. Afande alikula mpaka sahani ikang'aa, halafu akasema, "Mama, hii chakula iko sawa," na kwa Afande hiyo ilikuwa hotuba. Shangazi akanipakulia mara ya pili, akaanza kusema huku anatazama sufuria.

"Yule bwana wa Malukhu alipokuja kukuposa ukamkataa, hukulia. Majibu ya chuo yalipokuja vibaya, hukulia, ulisema tu wamekosea. Jana umelia kwa sababu ya tope." Akafunika sufuria, kisha kwa mazoea akalifunua tena. "Nilikuja kukuchukua, Zai. Nimeshawaambia watu kwamba nakuja nawe. Lakini nikikurudisha jikoni kwangu utakuwa unakoroga uji huku roho iko chini ya maji, utaniunguzia kila kitu. Nitatafuta mtu mwingine wa hoteli. Wewe baki na uchafu wako."

Babirye ndiye aliyejibu kwa niaba yangu, kwa kupiga vigelegele na mdomo uliojaa posho. Niliushika mkono wa Shangazi, bado ulikuwa na nta ya mshumaa kwenye kucha, nikaubusu, akauvuta akisema nisimpake karanga. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo nikiikumbuka naisikia mwilini, hapa chini ya koo. Wageni wenyewe, nikiri, walitumia muda mwingi wakitazama ndege, na mmoja alirudi nyuma tulipofungua bomba, lakini waliona weusi ulivyopanda chini ya gugu na jinsi utando wa kahawia ulivyobaki mwembamba, wakaitikia kwa vichwa, na mradi ukaendelea. Nikaajiriwa. Nimekaa na tope tangu hapo mpaka mvi hizi.

Shangazi aliondoka asubuhi ya siku waliyofika, hakutaka kuwaona. Nilimsindikiza hadi kituoni na zawadi mkononi: chupa ya jemu niliyoijaza tope lililobaki la Masese, nikaongeza maji mpaka ukingoni, nikafunga mfuniko na kuuzungushia nta, nikaibonyeza kwa kidole gumba ikiwa bado moto. Aliishika kwa ncha za vidole. "Ukiifungua nitajua," nikamwambia. "Utajuaje, uko Jinja?" "Hewa inaacha alama. Nta itavunjika na juu patashika kutu, pataota kahawia." Akaitazama kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. "Mimi na kitu kilichofungwa, Zai, unatujua," akasema, "sikuahidi kitu." Akaitia kapuni chini ya kanga. Nilipokwenda Mbale sikukuu iliyofuata sikuiona popote. Sikuuliza. Nilidhani ilifika jalalani wiki ile ile, na sikuwa na kinyongo, kwa kuwa alikuwa ameshanipa kikubwa kuliko hicho.

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikaiweka chini nikafungua kabati. Juu palikuwa na shuka, katikati nguo za Idi, na chini kabisa, nyuma ya kitambaa chake cha kuswalia, palikuwa na ushungi mweupe wenye madoa ya kijivu ambayo sabuni haikuyamaliza, umekunjwa mara nyingi kuzunguka kitu kigumu. Nikajua kabla sijaufunua. Nta ilikuwa imekuwa ya njano, ngumu kama jiwe, na alama ya kidole changu bado imo, mistari yake yote. Nikaisogeza dirishani. Tope lilikuwa jeusi tii kutoka chini hadi juu. Ule utando wa kahawia niliomfungia nao ulikwisha kupumuliwa zamani, na mwingine haukuota.

Sauda akaingia, akaona, akakunja pua. "Ni nini hicho, Mama Zai? Lete nifungue nimwage nje."

"Usifungue," nikasema. Nikaifunga tena ndani ya ushungi ule ule, mikunjo ile ile, na nilipoondoka kurudi Jinja niliipakata mapajani njia nzima, wima.